Shangazi, wakwe zangu wanataka nitie saini kuwa sikumuona aliyemgonga ndugu yangu

Asalam alaykum Shangazi. Mie ni mke wa mtu na mama wa watoto, naishi Pemba upande wa kaskazini, kijiji sikitaji maana huku kwetu ukitaja kijiji ushamtaja mtu. Nakuandikia usiku kwa simu wenzangu wamelala kwa hiyo nisamehe nikichanganya maneno.

Mdogo wangu wa kiume aligongwa na gari akafa. Ilikuwa msimu wa karafuu, baada ya Isha, anatoka kwa mtu aliyekuwa akimuanikia, kapakia gunia kwenye baskeli alilete kwangu lilale kwa sababu mie nakaa ukingoni mwa barabara na asubuhi angepata gari ya kulipeleka kituoni ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, wakalipime. Mie niko barazani namngojea. Nikaiona taa ya baskeli yake inakuja, khalafu nikasikia mshindo, na gari ikapita mbele yangu ikaenda kusimama pale penye duka la jirani. Duka lile lina balbu kubwa ya sola inamulika mpaka ng'ambo ya lami. Mlango ukafunguka akashuka mtu huku kaukamata mlango kwa mikono miwili maana kusimama hawezi, akageuka kutazama nyuma, uso nikauona wote. Ni mtoto wa ami yake mume wangu. Kala kwangu, kalala kwangu, harusi yetu ndo alikuwa anabeba viti. Nikamwita kwa jina lake. Akarudi ndani, akazima taa za gari, akaondoka hivo hivo kizani.

Mdogo wangu alikuwa hai Shangazi. Karafuu zimetapakaa lami nzima, namkimbilia nateleza juu ya karafuu, namkuta anapumua na ananitazama. Kupata gari ya kumpeleka hospitali Wete ikachukua muda, mara huyu simu haipatikani mara yule hana mafuta, na roho ikatoka njiani kichwa chake kiko mapajani kwangu. Gari ya kwanza pale ilikuwa ile ile iliyokimbia. Mpaka leo msimu ukifika watu wakianika majamvi mie harufu ile inanitoa machozi.

Polisi gari waliipata kesho yake imefunikwa makuti nyuma ya nyumba ya dada yake, kioo kimepasuka na karafuu zimekwama mbele kwenye grili. Waliokuwa nae mchana walisema mahkamani kuwa alikuwa anakunywa tangu alasiri. Mie nikatoa ushahidi wangu, nikaapa, nikasema nilichokiona, na hakimu wa mkoa akamtia hatiani kwa kusababisha kifo, kwa kuendesha amelewa, na kwa kutosimama wala kuripoti. Akapelekwa Chuo cha Mafunzo, yaani jela. Tangu siku ile upande wa mume wangu wakaanza kupita mbali na mie, lakini tukaishi.

Sasa amekata rufaa Mahkama Kuu huko Chake. Mume wangu alinisomea sababu: kwamba hakupimwa ulevi, kwamba ilikuwa usiku asingeweza kutambulikana, kwamba shahidi mkubwa ni dada wa marehemu kwa hiyo ana lake jambo, na kwamba adhabu ni kubwa. Mie sheria sijui nikanyamaza.

Wiki iliyopita mavyaa na mawifi wakaja kwangu, wamekuja kwa adabu, na sukari na mchele, wakakaa, wakalia, mwisho ikatoka karatasi. Juu imeandikwa msamaha. Kwamba mie dada wa marehemu nimemsamehe mshtakiwa kwa ajili ya Mungu na sina kinyongo. Hapo mie sina ugomvi, kwani kweli nishachoka kubeba chuki. Lakini chini yake kuna mstari unasema usiku ule taa ya duka ilikuwa imezimwa na sikuweza kumtambua dereva kwa uhakika. Nikamuuliza mume wangu hii ya taa imetoka wapi, akasema hayo ni maneno ya kisheria tu ndo yanavyoandikwa, wewe tia saini tukaape wakapige muhuri. Na pesa zipo, wanasema ni za kusomesha mayatima wa mdogo wangu, nitapewa mie nizishike.

Nikasema nipeni muda. Mume wangu hasemi nami tangu siku hiyo. Juzi akaniambia ukikataa ujue umechagua maiti ukaacha walio hai, na uangalie ndoa yako. Mavyaa hanilaumu kwa mdomo ila analia kila akiniona, yule kijana ndo aliyemlea mwenyewe tangu mdogo baada ya mamake kufa. Na mavyaa huyu Shangazi ndo aliyenikanda arubaini zangu zote nilivyozaa, sina la kumlipa.

Mdogo wangu kaacha mke na watoto, wa kiume mmoja na wa kike wawili, na mama yetu yupo, mtu mzima. Hao hawajafatwa na mtu.

Nisaidie. Nikisaini yaishe kuna ubaya gani ikiwa moyoni nishamsamehe? Nikikataa khalafu rufaa akashinda si ntakuwa nimekosa kote? Ntaitwa tena kusimama kizimbani? Na Iddi inakaribia, niende kwao au nijifungie?

Dada wa marehemu, Pemba

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mdogo wako.

Usitie saini karatasi hiyo. Nalisema mwanzo kabisa ili hata kama simu inaishiwa chaji uwe ushalipata, mengine ntakueleza taratibu.

Msamaha wako hakuna anayekuzuia, ni wako, na ukiwa umeutoa kweli basi ushafika kwa Mwenyezi Mungu bila ya muhuri wa mtu. Lakini msamaha hauhitaji taa ya duka iwe imezimwa. Jiulize wewe mwenyewe, mtu anayetaka kusamehewa ana haja gani na balbu ya jirani? Ile sehemu ya juu imewekwa ili mkono wako ulainike, wanachokitaka kiko kwenye ule mstari wa chini, na ntakwambia kwa nini.

Nimekaa na wakili mmoja ninaemuamini nikampa habari yako bila ya kukutaja. Akanambia katika kesi za usiku kama hizi mahkama zetu zote zinarudi kwenye kesi moja ya Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ya Waziri Amani, ya mwaka 1980. Pale majaji walisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, mahkama isiutegemee mpaka ijiridhishe kuwa hakuna nafasi ya kukosea. Kwa hiyo inaulizwa ulimtazama kwa muda gani, alikuwa umbali gani, kulikuwa na mwangaza wa namna gani, na je ulikuwa ukimjua kabla. Sasa jipime. Kumjua unamjua, kabeba viti harusini kwako. Umbali ni wa baraza na duka la jirani. Na mwangaza ni ile balbu. Ukiizima balbu kwa kalamu yako, kinachobaki ni mwanamke aliyekaa kizani ambae ndugu yake kafa, na hapo hata jaji mwenye huruma vipi atapata tabu. Rufaa nzima imekalia mstari ule na wao wanajua, ndo maana karatasi haikuandikwa na mavyaa jikoni, imeandikwa na mtu anaejua anachokitafuta.

Na wewe utakuwa wapi? Uliapa mbele ya hakimu ukasema taa inawaka. Kesho uape tena useme imezimwa. Mtu yeyote atauliza siku gani ulikuwa mkweli, na vyovyote utakavyojibu ushajitia hatiani, kwa sababu kuapa uongo katika shauri ni kosa la jinai Zanzibar na Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 ipo. Anayekushawishi nae hana usalama, na huyo ni mume wako na mama yake, sasa hebu fikiria familia ile ile inayotaka mmoja atoke Chuo cha Mafunzo inajiandalia wengine kuingia. Mueleze hivyo mumeo, kwa sauti ya chini, naamini hajalifikiria. Ile habari ya kuwa ni maneno ya kisheria tu muache nayo, maneno ya kisheria ndo maneno yenye uzito kuliko yote utakayotia saini maishani mwako.

Tuje kwenye rufaa yenyewe maana naona inakutisha. Kukata rufaa ni haki yake, iko ndani ya Katiba, na hata wewe ungehukumiwa ungeikata. Usiione kama dharau kwa marehemu. Na rufaa haianzi kesi upya. Jaji anachukua mwenendo wa kesi, yale yote yaliyoandikwa mlipokuwa mnazungumza mbele ya hakimu, na hukumu, na sababu za rufaa, anasikiliza mawakili wa huku na huku, anapima kama hakimu alikosea. Mashahidi hawaitwi tena. Mahkama inaweza ikachukua ushahidi mpya pale inapoona lazima, lakini hilo ni la nadra na lina sababu zake, kwa hiyo kizimbani usikutie hofu. Siku ya kusikilizwa ukitaka kwenda Chake nenda, ukae nyuma usikilize, mahkama ni ya wazi, wala huhitaji ruhusa ya mtu.

Na kesi hii si yako mwanangu, hili watu wengi visiwani kwetu wanalichanganya. Anayesimama dhidi yake ni Mkurugenzi wa Mashtaka, yeye ndo atakayeijibu rufaa, na ofisi yao iko hadi huko Pemba. Wewe ulikuwa shahidi. Huwezi kuifuta kesi kwa kusamehe, na mtu asikubebeshe mzigo kwamba kijana anaoza ndani kwa sababu ya roho yako ngumu. Yuko ndani kwa alichokifanya barabarani. Najua sisi tumezoea kuyamaliza, watu wakigombana mpaka wa shamba au mbuzi kala mihogo wazee wanakaa wanapatana, na ni jambo zuri Mungu asituondolee. Lakini ile barabara kesho atapita mtoto wa mwengine anatoka chuoni na juzuu yake, na yeye hakuwepo kwenye kikao chenu.

Sababu zake za rufaa nikupitishie, usije ukashtuka hukumu ikitoka. Hiyo ya kuwa wewe ni dada haina nguvu sana. Hakuna sheria inayosema ndugu wa marehemu asiaminiwe, mahkama inatazama kama maneno yake yanasimama, na yako yamesimama pamoja na ile gari yenye karafuu kwenye grili, maana gari haina undugu na mtu. Hiyo ya kutopimwa ulevi ndo yenye mjadala. Ulevi unaweza kuthibitishwa na mashahidi waliomuona anakunywa, wewe ulimuona hawezi kusimama, lakini kipimo hakuna, na kwa nini hakuna? Kwa sababu alikimbia. Alipopatikana kesho yake kipimo cha nini tena. Mie hapa nakasirika, nasema wazi, kwamba mtu anaondoka na ushahidi ndani ya damu yake khalafu anakuja kulalamika kwamba haukuchukuliwa. Lakini jaji hafanyi kazi kwa hasira zangu, na ikiwa ataona shtaka lile la ulevi halikuthibitishwa atalitoa. Likitoka hilo usidhani yote yametoka. Kusababisha kifo ni shtaka lake, kutosimama ni shtaka lake, kila moja linapimwa peke yake.

Kwa hiyo inawezekana rufaa ikatupwa yote, inawezekana shtaka moja likaanguka na mengine yakabaki, inawezekana adhabu ikapunguzwa, na kama kuna kosa kubwa la utaratibu jaji anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya. Anaweza hata kumwachia. Likitokea hilo la mwisho, upande wa mashtaka nao una njia ya kwenda Mahkama ya Rufani ambako wanakaa majaji watatu. Na ukimuona mtaani kabla ya hukumu usizimie, inawezekana kapewa dhamana ya kusubiri rufaa, ingawa haitolewi ovyo kwa mtu alokwishahukumiwa. Wewe kwa lolote litakalotoka hukukosa kote kama ulivyosema. Ulichodaiwa ni kusema ulichokiona na umeshasema, matokeo hayako mkononi mwako.

Sasa hiyo ya kukimbia. Watu wanaizungumza kama nyongeza tu, kwamba kosa kubwa ni ulevi. Mie naona kule kuondoka ndo kulikobaya zaidi. Sheria inamtaka dereva asimame, amsaidie aliyeumia, aripoti polisi, na kama anaogopa watu watampiga basi aende moja kwa moja kituoni akajisalimishe na kuomba msaada ufike. Yeye alishuka, akamuona, akasikia anaitwa jina lake, akazima taa. Sisemi mdogo wako angepona, hilo Mungu ndo ajuaye. Nasema alikuwa anapumua na gari ilikuwepo.

Katika dini mavyaa lazima analijua hili na kama kasahau mumkumbushe kwa upole. Suratun Nisaa aya ya 92 imelitaja la kumuua muumini kwa kukosea, kuna diya, yaani fidia ya damu, wapewe watu wake ila wakisamehe wakaifanya sadaka, na kuna kafara, asiyepata mtumwa wa kumuacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Huko kufunga hakungoji jaji. Kijana yuko Chuo cha Mafunzo ana muda, je ameanza? Mwenye kutafuta msamaha huanzia huko. Nendeni kwa sheikh mnaemuamini awaeleze la mtu aliyekuwa amelewa linaingiaje. Na sura hiyo hiyo, aya ya 135, inatutaka tusimame na ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu na jamaa zetu. Sina la kuongeza hapo.

Tena kuna jambo hukuliuliza nami nimeliona kwenye barua yako nikakaa nalo siku nzima. Wewe si mrithi wa mdogo wako. Kaacha mtoto wa kiume, kwa hiyo dada harithi. Mkewe ana thumni, yaani moja ya nane, mama yenu ana sudusi, yaani moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na kila wa kike fungu moja. Hao ndo wenye diya, hao ndo wenye kusema tumeacha au hatukuacha, na fungu la mtoto mdogo hakuna mtu mzima wa kulisamehe kwa niaba yake kwa kuwa amepewa mchele na sukari. Basi kwa nini wamekuja kwako na si kwa mjane? Kwa sababu mjane hakuwa barazani. Wewe ndo uliyeona. Walichokifata kwako ni macho yako, mwanangu, na ndo maana hata hizo pesa wanataka uzishike wewe. Pesa anayopewa shahidi ili abadilishe maneno ina jina lake na unalijua. Kama kweli ni za mayatima, mlango uko wazi: waende kwa mjane mchana kweupe na wazee wa pande zote mbili, wampe bila ya karatasi yoyote, na kama ni nyingi wapitie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ili fungu la kila mtoto lijulikane. Wakikubali hivyo nitawavulia kofia. Wakikataa ushajua.

Na kama wewe na mjane na mama mnataka kweli kuandika kuwa mmesamehe, inawezekana. Andikeni yenu wenyewe, fupi, kwamba mmemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kwamba uliyoyaeleza mahkamani ni kweli na hubadilishi hata neno. Barua kama hiyo haiwezi kumtoa hatiani ila wakili wake anaweza kuiomba itazamwe kwenye ukubwa wa adhabu, na baadae wakiomba msamaha wa Rais, ambao kwa kawaida tunausikia kila zikija sherehe za Mapinduzi Januari 12, inaweza kumfaa. Kabla ya kuitoa mtu wa sheria aisome. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana tawi hapo Chake, nenda na nakala ya ile karatasi yao, piga picha kwa simu kama hawataki kukuachia. Na ikiwa watakulazimisha au watakutisha, hao hao watakuongoza namna ya kupeleka habari kwa waendesha mashtaka. Natumai hatutofika huko.

Mume wako. Maneno aliyokwambia ni mabaya na nimeyasikitikia, lakini simuoni kama mtu muovu, namuona mtu kabanwa na mama yake na ukoo mzima na hajui aseme nini akirudi bila ya saini. Hivyo mpe la kusema. Mtafute wakati wa utulivu, baada ya Alfajiri ni bora kuliko usiku, umwambie mie nimeshamsamehe ndugu yako na nitamuombea, barua ya msamaha wa kweli niko tayari, la taa siliandiki kwa sababu taa ilikuwa inawaka na nimeshaapa. Usigombane, usimtaje mama yake kwa ubaya. Kumtii mume ni wajibu ila wote tumesomeshwa kuwa hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na yeye kasoma. Akikutajia tena ndoa, muite ami yako au mzee wake anaesikilizwa mkae, na likifika la talaka kabisa hapo kuna Kadhi, nayo ni habari nyengine, haiuzwi kwa saini.

Mavyaa anavunja moyo wangu. Kamlea yule kijana kama wake na sasa anamuona anazeeka ndani. Mapenzi yake kwako ni ya kweli, arubaini zote hazikandwi kwa kujifanya. Iddi nenda. Wapeleke watoto wakampe mkono bibi yao, kaa nae, mkilia lieni, mfiwa ni wewe na yeye pia kapoteza. Wifi zako wakianza habari ya karatasi sema nimeshamjibu mume wangu, unyamaze. Ukijifungia ndani utakuwa umewapa wao nafasi ya kusema una chuki, na chuki ndo hoja yao ya rufaa.

La mwisho ni la mjane, na hili lisisubiri Iddi. Muulize kama alishawahi kufatilia bima. Gari yoyote inayotembea barabarani lazima iwe na bima ya kuwalinda watu wengine, na familia ya aliyekufa ina haki ya kudai fidia, kesi ya jinai haiizuii wala rufaa haiizuii. Atahitaji ripoti ya polisi ya ajali, cheti cha kifo, nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri wa mahkama, na namba ya gari ili ajue ilikatiwa bima kampuni gani. Kampuni ikianza kumzungusha, TIRA ndo wanaosimamia mambo ya bima bara na visiwani, awapelekee malalamiko. Ulevi wa dereva wataweza kuutaja kama kisingizio, asikubali jibu la mdomo, aombe lililoandikwa alipeleke pale Kituo cha Huduma za Sheria. Madai haya yana muda wake na ukipita haurudi nyuma, na watoto watatu skuli haiwangojei, kwa hiyo mpigie leo, na kama hana nauli ya Chake muende pamoja siku moja, wewe na karatasi yako na yeye na ya kwake.

Shangazi